Neno la Marehemu: Habari za Wosia Katika Nchi Yetu



Kila mwaka kitabu hiki huonyesha hesabu ya fedha tulizochanga na kazi tulizozitenda. Atakayepekua kurasa za hesabu ataona kwamba sehemu kubwa ya michango yetu huenda katika maziko: sanduku, gari la kumchukua marehemu mpaka kwao, chakula cha wafiwa, na nauli za wale wamsindikizao. Kazi hiyo twaitenda kwa moyo, maana ndiyo iliyowakutanisha wazee wetu wakaanzisha vyama vya namna hii walipojikuta wageni katika miji ya kazi. Lakini liko jambo moja ambalo chama, hata kikiwa na fedha nyingi namna gani, hakiwezi kumtendea mwanachama aliyekufa. Hakiwezi kusema kwa niaba yake. Twaweza kumfikisha kaburini. Hatuwezi kuwaambia mjane, watoto na ndugu zake alitaka nini juu ya shamba, nyumba na akiba yake, ikiwa yeye mwenyewe hakusema kwa njia ikubaliwayo na sheria.

Mara nyingi tumeona watu waliolia pamoja siku ya maziko wakikutana tena mlangoni mwa mahakama, kila mmoja na wakili wake. Kwa sababu hiyo Halmashauri imeona yafaa mwaka huu tuandike habari za wosia: jinsi ulivyokuwa zamani, jinsi ulivyogeuka, na mambo yaliyowapata watu waliokufa bila kuuandika. Twamwomba kila msomaji akumbuke jina lake mwenyewe anapoisoma.

WOSIA WA KINYWA

Neno "wosia" katika lugha yetu lina maana mbili zilizo jirani. Ni maonyo mzazi awapayo wanawe, na pia ni agizo la mtu juu ya mali yake atakapokufa. Pwani wote wamjua Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake Mwana Hashima utenzi mnamo mwaka 1858, wakati mama huyo alipokuwa mgonjwa. Katika utenzi ule hakugawa mali. Alimwachia mwanawe adabu na dini. Hata hivyo twajifunza kwake jambo moja: mama yule hakutaka maneno yake yabaki kinywani tu. Aliyatia katika maandishi, na kwa hiyo yamefika mpaka kwetu.

Waislamu wa pwani walikuwa na sheria ya mirathi iliyoandikwa tangu kale. Katika sheria hiyo mafungu ya warithi yamekwisha wekwa, na mwenye mali aweza kuusia kwa hiari yake si zaidi ya theluthi moja, tena kwa wasio warithi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Kwa hiyo hata Mwislamu aliyekufa kimya aliacha nyuma yake kanuni zijulikanazo, na Kadhi wa kuzihukumu.

Bara mambo yalikwenda kwa kinywa. Mzee alipoona siku zake zimekaribia aliwaita wanawe na wazee wenzake, akataja ng'ombe, mashamba na madeni, akasema kila kimoja ni cha nani. Kati ya Wakikuyu agizo la mzazi anayekufa lililindwa na hofu ya kirumi, yaani laana yake. Mwana aliyethubutu kulivunja alijua kwamba msiba wo wote utakaompata utahesabiwa kuwa umetoka huko. Katika makabila mengi yaoayo wake wengi, kila nyumba ya mke ilikuwa na mashamba yake, na wana wa nyumba ile ndio walioyarithi. Desturi hizo Bwana Eugene Cotran alizikusanya kutoka kwa mabaraza ya wazee na kuzipiga chapa katika kitabu cha mwaka 1969, na mtu azisomapo huona mara moja kwamba zilikuwa na mpango na haki zake, ijapokuwa mabinti kwa kawaida hawakuhesabiwa katika ardhi.

Wosia wa kinywa ulisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza, mashahidi walikuwa majirani waliojuana tangu utoto. Ya pili, mali yote ilionekana kwa macho: zizi, mipaka, ghala. Ya tatu, warithi wote walikaa mahali pamoja chini ya wazee wale wale. Nguzo hizo zikianguka, neno la kinywa halina pa kuegemea. Na kweli zilianguka.

SHAMBA LAPATA HATI

Katika mwaka 1954 Serikali ya kikoloni ilianza mpango ulioitwa kwa jina la Bwana Swynnerton wa Idara ya Kilimo. Vipande vya mashamba vilivyotawanyika vilikusanywa pamoja, vikapimwa, vikaandikwa katika daftari, na mwenyewe akapewa hati. Watu wengi walifurahi, maana mwenye hati aliweza kukopa fedha na kupanda kahawa bila hofu ya kunyang'anywa. Lakini daftari lile liliandika jina moja tu mahali ambapo desturi iliona watu wengi: mke alimaye, kaka na dada, watoto wa nyumba ya pili. Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963 ilizidi kumtia nguvu yule ambaye jina lake limo katika daftari. Tangu hapo mzee aliyesema, "Kipande hiki ni chako," bila kufika ofisini, alikuwa akigawa kwa ulimi kitu ambacho Serikali hukijua kwa karatasi.

Wakati huo huo mali yenyewe ilipata sura nyingine. Mtu alizaliwa kijijini, akafanya kazi Nairobi, akaweka akiba benki, akanunua hisa, akapata shamba katika mpango wa makao mapya mbali na kwao. Alioa mke wa kabila jingine. Alipokufa, watu waliojua habari za shamba hawakujua habari za benki, na waliojua za benki hawakumjua nyanya yake. Wazee wetu husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilisemwa kwa wafanya biashara, lakini siku hizi ni ya kila mtu.

Na sheria je? Kwa miaka mingi Kenya haikuwa na sheria moja ya mirathi. Wazungu walifuata sheria iliyoletwa kutoka Uhindi, ya mwaka 1865. Wahindu walikuwa na yao. Waislamu na yao. Na Mwafrika alirithiwa kwa desturi za kabila lake. Hata ubatizo haukubadili jambo hilo. Katika mwaka 1912, katika shauri la Benjawa Jembe na Priscilla Nyondo, mahakama ilikata kwamba mali ya Mwafrika Mkristo hurithiwa kwa desturi ya watu wake. Ni katika mwaka 1961 ndipo ilipotungwa sheria ya kumpa Mwafrika njia ya kuandika wosia. Baada ya Uhuru, katika mwaka 1967, Serikali iliweka tume chini ya Bwana Humphrey Slade kuzichungua sheria hizo zote. Kutokana na kazi ya tume hiyo ilipatikana Sheria ya Mirathi ya mwaka 1972, ambayo hata hivyo haikuanza kutumika mpaka tarehe 1 Julai 1981. Katika mwaka 1990 ilirekebishwa ili mali ya Mwislamu iendelee kurithiwa kwa sheria ya Kiislamu.

Basi tangu mwaka 1981 mlango ulikuwa wazi. Karatasi, kalamu na mashahidi wawili vilitosha. Lakini mlango kuwa wazi si kuingia.

SHAURI LA WAKILI ALIYEKUFA BILA KUANDIKA

Miaka mitano tu baadaye ilitokea habari ambayo watu wazima wa Kenya hawajaisahau. Bwana Silvano Melea Otieno, ajulikanaye zaidi kama S. M. Otieno, alikuwa wakili mashuhuri wa Nairobi, mtu aliyezaliwa Nyalgunga, Siaya, katika mbari ya Umira Kager. Mkewe alikuwa Bibi Virginia Wambui, wa jamaa ya Waiyaki wa Ukikuyuni. Bwana Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Hakuacha wosia wa maandishi.

Mjane alitaka mumewe azikwe katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ndugu yake marehemu, Bwana Joash Ochieng' Ougo, pamoja na mbari, walitaka azikwe Nyalgunga katika ardhi ya baba zake. Kila upande ulikwenda mahakamani; Bwana John Khaminwa akamsemea mjane, na Bwana Richard Kwach akaisemea mbari. Mjane alisema kwamba mumewe alimwambia mara nyingi anataka kuzikwa Ngong. Upande wa pili ukaleta mashahidi wake, miongoni mwao mchimba makaburi wa Nyalgunga, aliyesema kwamba marehemu alimwagiza yeye amchimbie kaburi karibu na baba yake. Hata mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu, Profesa Odera Oruka, aliitwa kueleza desturi za Waluo.

Hebu wasomaji wayafikiri hayo. Marehemu alikuwa mtu wa sheria, na kazi yake ilikuwa kuuliza mashahidi maswali mahakamani. Lakini juu ya jambo lake mwenyewe aliacha maneno katika masikio ya watu mbalimbali, na masikio yale hayakupatana. Mwanzoni mwa Januari 1987 mjane alipewa ruhusa ya kuzika. Kisha ruhusa ile ikazuiwa, na shauri likasikizwa kwa ukamilifu mbele ya Jaji Bosire. Tarehe 13 Februari 1987 mbari ilishinda. Mjane akakata rufani, na tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani nayo ikaipa mbari haki, ikisema kwamba marehemu, ingawa aliishi mjini na kuoa kwa sheria ya kisasa, hakuacha kuwa Mluo chini ya desturi za Waluo. Bwana Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mjane wake hakwenda. Tangu kufa mpaka kuzikwa zilipita siku 154.

Twataka msomaji asikosee hapa. Hatusemi kwamba karatasi ingelimaliza shauri lile lote. Maiti si mali iwezayo kurithishwa, na mahakama zetu husema kwamba matakwa ya mtu juu ya maziko yake yafaa kuheshimiwa kadiri iwezekanavyo, lakini hayaifungi mahakama. Wakili mwema angalimwambia hivyo mapema, naye angalipata nafasi ya kuwakutanisha mkewe na ndugu zake kabla hajafumba macho. Tena karatasi ingaliondoa swali lililowachosha wote: "Alisema nini?" Wangalibaki na swali la sheria tu, na hilo ni jepesi kuliko kuitana waongo mbele ya watu.

SHAURI LA MABINTI SITA

Habari ya pili haikujulikana sana sokoni, lakini mawakili waijua vema. Mkulima mmoja wa Bonde la Ufa alifariki katika mwaka 1988 bila wosia. Aliacha wake wawili, wana watatu na mabinti sita, na shamba la ekari zipatazo 190. Wana wote watatu walikuwa wa nyumba ya kwanza. Nyumba ya pili ilikuwa na mabinti tu. Mahakama Kuu iliwapa wana sehemu kubwa kuliko mabinti, kwa kufikiri kwamba binti huolewa na kwenda zake. Mama wa nyumba ya pili hakukubali. Katika mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliyokutana Eldoret ilikata kwamba binti asipunguziwe kwa sababu ni binti. Katiba ya mwaka 2010 imelitilia nguvu neno hilo.

Haki ilipatikana, nasi twaishukuru. Lakini tangu kifo cha baba mpaka hukumu ile ilipita miaka 17. Aliyekuwa mtoto mchanga siku ya maziko alikuwa karibu mtu mzima siku ya hukumu. Kama baba yule angaliketi siku moja na wakili, angalijua tangu mwanzo kwamba wanawe wote ni wake, na angaliwagawia kwa mkono wake mwenyewe.

SHERIA ISEMAVYO

Sasa twaeleza kwa maneno machache mambo ambayo kila mwanachama yampasa kuyajua.

Mtu ye yote mwenye akili timamu, aliyetimiza miaka 18, mwanamume au mwanamke, aliyeolewa au asiyeolewa, aweza kuandika wosia. Wosia wa maandishi hutiwa sahihi au alama ya mwenyewe, na mashahidi wawili au zaidi, ambao kila mmoja amemwona akitia sahihi au amesikia kwake kwamba sahihi ile ni yake. Nao hutia sahihi zao mbele yake. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu katika wosia ule, maana zawadi yake itabatilika, isipokuwa wakiwapo mashahidi wengine wawili. Makosa ya namna hiyo hutokea kila siku: baba hutaka kumpa mwanawe nyumba, kisha humwita mwana yule yule awe shahidi.

Wosia wa kinywa ungalipo katika sheria, lakini umefungiwa katika nafasi nyembamba. Hapana budi usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na kwa kawaida haufai kitu ikiwa msemaji ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema. Mashahidi wakipingana juu ya maneno yake, utakubaliwa kwa yale tu yaliyothibitishwa na shahidi asiye na faida ndani yake. Hivi sheria imekiri kwamba zile nguzo tatu za zamani hazipo tena.

Aliyeandika wosia kisha akaoa au akaolewa, na ajue kwamba ndoa hiyo hubatilisha wosia wake wa kwanza, ila kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa yenyewe. Wala mtu asidhani kwamba wosia ni fimbo ya kuwapigia jamaa. Aliyemwacha mkewe au watoto wake bila cho chote, mahakama ina uwezo wa kuwapa riziki kutoka katika mali ile wakiomba.

Na asiyeandika, sheria itamgawia. Kwa mfano, mtu mwenye wake wawili akifa bila wosia, mali hugawanywa kwa nyumba kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mke aliye hai kama mmoja wao. Nyumba yenye watoto watano huhesabiwa sita, na yenye watoto wawili huhesabiwa tatu; katika ekari tisa, ya kwanza hupata sita na ya pili tatu. Labda ndivyo baba angalitaka. Labda nyumba ya pili ina mtoto mgonjwa ambaye angalitaka kumwongezea. Sheria haimjui mtoto yule. Baba ndiye amjuaye.

KWA NINI TUMWENDEE WAKILI

Wengine wataka kujua: ikiwa karatasi na mashahidi vyatosha, ya nini kumlipa wakili? Jibu letu ni kwamba wakili huuliza maswali ambayo mwenye mali hakuyafikiri. Hati ya shamba ina jina la nani, la baba aliyekufa zamani au lako? Nyumba umeandikisha peke yako au pamoja na mkeo? Fedha za uzeeni umemtaja nani azipokee, na je, ni yule mke mliyeachana zamani? Nani atakuwa msimamizi wa wosia, na amekubali? Wosia utawekwa wapi hata uonekane? Maswali hayo huchukua muda wa kunywa chai moja ukiwa hai. Ukiisha kufa huchukua miaka. Asiye na fedha asikate tamaa, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewekwa kwa ajili ya watu wasioweza kulipa. Na wanachama walio Waislamu twawashauri waende pia kwa Kadhi, ili wosia wao usipite mpaka wa theluthi.

Twajua vema kwamba kizuizi kikubwa si fedha. Ni hofu. Watu wengi huona kwamba kuandika wosia ni kukiita kifo, na mke anayemkumbusha mumewe huonekana kana kwamba anamhesabia siku. Lakini wazee wetu wa zamani hawakuogopa kusema. Waliwaita wana wao wakawaambia, na hakuna aliyewashutumu. Tukiandika, twafuata desturi yao kwa njia ya wakati wetu. Tena kila mwanachama aliyejiunga na chama hiki alikwisha kubali kwamba atakufa, ndiyo maana analipa mchango wa maziko. Aliyekwisha kulilipia sanduku lake asiogope karatasi.

Kwa hiyo Halmashauri yawaomba wanachama wote, wake kwa waume, mwaka huu wafanye mambo matatu. Kwanza, kila mmoja aandike orodha ya mali na madeni yake. Pili, azungumze na mwenzake wa nyumbani, na ndugu zake pia ikiwa yapo mambo ya ardhi ya ukoo. Tatu, aende kwa wakili au mahali pa msaada wa kisheria akiwa mzima wa afya na mwenye utulivu wa moyo, asingoje kitanda cha hospitali.

Sisi tutaendelea kuchanga na kusindikiza, kama tulivyofanya siku zote. Lakini tungependa siku ile tutakapomsindikiza mwenzetu, turudi kutoka kaburini tukiwa watu wa jamaa moja kama tulivyokwenda. Mungu atujalie.